Kumi na Moja Nukta Moja

Watu wakisikia mtandao wanadhani unashuka wenyewe kama mvua. Thubutu! Mtandao wa bonde zima ulikuwa unapita kwenye sanduku la plastiki, lile la kuwekea chakula, lililofungwa kwa waya kwenye mlingoti nje ya dirisha langu. Ndani ya sanduku mlikuwa na redio ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Juu ya bati paneli mbili za jua za mtumba, moja ina ufa. Nyuma ya mlango wangu, juu ya ubao, betri mbili zilizotolewa kwenye lori. Basi. Hicho ndicho kiwanda chenyewe, na mwenye kiwanda ni mimi, mwanamke mmoja na kitambaa cha kufutia vumbi.

Kazi yangu ilikuwa kufuta paneli, maana ndege wa kilimani hawana adabu, kuongeza maji ya betri, na kupima. Kupima ndiko kulikokuwa na maneno. Kontrola yetu, kile kidude kinachopokea umeme wa jua na kuugawa, ilikuwa ya bei ya chini, ina taa mbili tu, kijani na nyekundu. Haikwambii lolote la maana. Kwa hiyo fundi aliyetufungia mitambo alitupa mita ya mkononi, akatufundisha: pimeni alfajiri, kabla jua halijagusa paneli. Jua likishagusa, betri inaanza kujisifu.

Akasema na jingine. Betri ikishuka chini ya volti kumi na moja na nusu, kontrola inakata redio yenyewe ili betri isife. Hilo nililiona kwa macho yangu masika ya kwanza. Taa nyekundu ikawaka, redio ikazima, na bonde zima likanitukana mpaka mawingu yalipopasuka. Mwenyekiti wa chama chetu cha mtandao alipanda kilima kuniuliza nimegusa nini. Nikamwambia nimegusa mawingu.

Tulikuwa wawili. Mawimbi yanatoka mjini, yanafika kwangu, yanarukia kilima cha pili, ndipo yanamwagika vijijini huko nyuma. Kilima cha pili alikaa mzee mmoja niliyemwita Jirani. Jirani gani, kati yetu kuna bonde la mwendo wa nusu siku! Lakini hakukuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Tulionana mara moja tu, siku ya mafunzo. Mzee mrefu, shati limepigwa pasi, anakohoa kwa adabu na kiganja mdomoni. Hatukusemezana. Fundi alitusomesha, tukala, kila mtu akashika njia yake na mita yake mfukoni.

Kila alfajiri tulitumiana namba. Yake ilikuja kwanza. "Kumi na mbili nukta sita. Anga safi." Namba, kisha anga, nukta. Hakuna shikamoo, hakuna umeamkaje. Mwanzoni nilimwona mtu asiyefunzwa. Yangu ikiwa chini alijibu maneno mawili, "Ongeza maji," kana kwamba mimi ni binti yake nimeunguza chungu. Siku moja hasira zikanipanda nikamwandikia, "Kwani wewe ulizaliwa na mita?" Akajibu, "Hapana. Kumi na mbili nukta tano. Mawingu." Loo, nilicheka peke yangu mpaka kwikwi ikanishika, na hapakuwa na mtu wa kunipiga mgongo.

Kilimani pale upweke si neno, ni mpangaji. Mume wangu alishaenda zake, tena si kufa, kwenda. Mwanangu alikuwa mjini na mkewe na watoto. Msimu wa mvua paneli hazivuni kitu, na kila taa ninayowasha mimi ni dakika ninazoiibia redio, basi nilikaa gizani. Nazima taa yangu ili watu bondeni wapate nafasi ya kugombana na wapenzi wao kwenye simu. Maneno yote yale ya watu yalipita pale nje ya dirisha langu, mapenzi, misiba, umbea, na hata moja halikuwa langu. Langu lilikuwa moja tu, la alfajiri.

Na kulikuwa na jambo lingine. Jua linapochomoza, Jirani alifuta paneli zake, na paneli ikiinama kidogo ilirusha mwanga mpaka kwangu. Mwanga mmoja mfupi ng'ambo ya bonde. Nami nilifuta zangu hapohapo, nikitikisa ile yenye ufa. Hatukuwahi kuliandika hilo. Lakini kukiwa na ukungu na mwanga usionekane, siku yangu ilikwenda upande.

Mara moja tu tulitoka nje ya namba. Ilikuwa masika, mvua ya kutwa, nikamwandikia kuwa mwanangu ananiita nikakae kwake na mimi sitaki kwenda kuwa mzigo. Nikadhani nimemchosha. Kisha likaja jibu refu kuliko yote. "Una bahati, mama. Mimi nikishuka sina pa kushukia. Mke wangu alifariki, mtoto hatukujaliwa, na ndugu zangu walishagawana vyumba vya nyumba ya baba. Hiki kibanda ndicho kwangu." Chini yake: "Kumi na mbili nukta mbili. Mvua."

Nililisoma lile jibu mara nyingi. Nilimpenda yule mzee? Ndiyo, nilimpenda, na anayetaka kucheka acheke.

Sasa sikiliza balaa. Masika yaliyofuata yalipokaribia, mwenyekiti alipanda tena, anahema, tumbo limemtangulia. Akaketi kwenye kiti changu kimoja bila kukaribishwa. Akasema chama hakiwezi tena kuweka walinzi wawili. Atabaki mmoja, atatunza vilima vyote viwili, leo huku kesho kule.

"Atabaki nani?" nikauliza.

"Atakayethibitisha kuwa ni mtunzaji. Tutaangalia masika haya. Betri ya nani itavumilia, huyo ndiye. Namba zenu mtakuwa mnaziandika kwenye kundi la chama, sote tuzione."

"Na mwingine?"

"Mwingine atapumzika, mama. Hata nyuki hupumzika."

Nilitaka kumuuliza nyuki gani huyo anayepumzika, lakini mawazo yalikuwa yameshavuka bonde. Maana nilijua hesabu yake kabla hajaifikia yeye. Kilima changu jua linakipiga mapema. Kilima cha Jirani kimevaa mawingu nusu ya mwaka. Mzee angeweza kufuta paneli zile mpaka ziote malengelenge, masika yakiingia namba zake lazima zitakuwa chini ya zangu. Angeshindwa, na angeshuka, na hana pa kushukia. Mimi nina mtoto, nina chumba kinanisubiri, hata godoro mkwe wangu alishanunua. Kwa hiyo nikapiga moyo konde. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mvua zilipoanza nilipima alfajiri kama kawaida. Mita ikasema kumi na mbili nukta tano. Kidole changu kikaandika kumi na mbili kamili.

"Ongeza maji," akajibu Jirani.

Kesho yake nikateremsha kidogo. "Ongeza maji. Kaza nati," akaandika. Nikateremsha tena. "Safisha kutu kwenye nati. Tumia maji ya moto." Nikateremsha tena, na mzee wa watu akaacha anga yake, akaacha namba yake, akaandika neno moja: "Nije?"

Mnaelewa? Mvua ile, mito imejaa, mwendo wa nusu siku kwenye matope, kifua kile cha kukohoa. Nilitaka aje kuliko nilivyotaka chakula. Lakini angekuja angeweka mita yake juu ya betri yangu, na betri ingesema kweli, maana haina haya. Nikamjibu, "Usije." Nikaona alama kuwa amesoma.

Namba zake wakati huo zilikuwa zinateremka kweli, mvua ilikuwa imemshika pabaya. Nikaona nikijivuta atanipita kwa kwenda chini. Basi siku iliyofuata nikafunga hesabu. Mita inasema kumi na mbili nukta nne, mimi nikaandika kwenye kundi: "Kumi na moja nukta moja. Mvua."

Mwenyekiti akaweka kikaragosi kinacholia. Jirani akajibu, "Sawa."

Sawa tu. Hakuniambia niongeze maji. Nikajua amekata tamaa na ile betri, na nikafurahi kuwa ujanja umepita, na hapohapo kifua kikaniuma kama nimemeza mfupa.

Masika yalipokwisha mwenyekiti akanipigia simu. Akasema chama kinanishukuru, lakini betri imenifia mikononi, ni dhahiri, na mzee wa kilima cha pili atashika vyote. Imenifia mikononi! Mimi niliyekuwa nalala na kiu ili maji ya betri yasipungue kwenye ndoo ya kubebea, kwa kuwa mabega yangu yalikuwa mawili tu na njia ni ya kupanda! Nikafunga mizigo yangu. Mita nikaiweka kifuani, hakuna aliyeikumbuka kuidai. Kabla sijafunga mlango nilifuta paneli mara ya mwisho, nikatikisa ile yenye ufa, nikaangalia ng'ambo. Jua lilikuwa limeshapanda, hakukuwa na mwanga.

Nyumba ya mwanangu ni nzuri, nisiwaseme vibaya. Umeme upo ukutani, unabonyeza tu, hauulizi mvua. Mtandao unajaa mpaka chooni. Nilipewa chumba cha nyuma chenye pazia na godoro jipya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe sikupewa. Nikishika ufagio, mkwe wangu anaupokea kwa mikono miwili. "Pumzika, mama." Nikiosha kikombe, "Mama, acha, pumzika." Nilipumzika mpaka mifupa ikauliza kuna nini. Jioni sote tulikaa sebuleni, mwanangu na simu yake, mkewe na yake, wajukuu na yao, na mimi katikati na mikono yangu. Nikawaza, kumbe watu hawa ndio niliokuwa nawazimia taa.

Lakini hilo ningelivumilia. Nililokuwa nalisubiri ni lile neno la alfajiri. Nilishuka nikijua kuwa kilima nimekitoa, namba sikuitoa. Simu si ninayo? Na yeye si anayo? Basi niliamka gizani, nikaketi kitandani na simu mkononi. Haikuja. Nikasema labda yuko njiani kati ya vilima. Kesho yake haikuja. Nikajishusha mimi, nikamwandikia, "Umeamkaje, Jirani?" Akajibu, "Salama." Nikauliza, "Kazi?" Akajibu, "Nzuri."

Salama, nzuri. Aka! Hayo ni maneno ya kumjibu mtoza ushuru. Nilikasirika mpaka nikamnyima salamu. Nilimpa kilima changu, jina langu la utunzaji nimelitupa matopeni kwa ajili yake, halafu ananijibu kama mtu anayefukuza inzi! Asubuhi baada ya asubuhi nikakaa na hasira ile, na hasira ikiisha kinachobaki ni kibaya zaidi. Nililia. Nililia kwenye godoro jipya, nikibana mdomo kwa mto ili wajukuu wasisikie.

Siku moja alfajiri nikainuka, nikatoa mita, nikatoka uani. Pikipiki ya mwanangu imeegeshwa pale chini ya bati. Nikafungua kifuniko cha pembeni, nikagusisha nyaya za mita, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mwanangu akatokea mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mama, unatafuta nini kwenye pikipiki?"

"Ukweli," nikamwambia. "Kapige mswaki wako."

Nikaandika: "Kumi na mbili nukta tatu. Pikipiki. Anga safi." Nikatuma kabla aibu haijanipata.

Kimya. Nikanywa chai, kimya. Nikakaa uani nikiwatazama kuku wa jirani, kimya. Nikajiona kichekesho, bibi kizee anapima pikipiki ya watu ili apate cha kusema. Mchana simu ikalia. Nimelihifadhi hilo jibu, nalisoma kama lilivyo:

"Mama, nisamehe. Nina jambo nililoliweka moyoni. Betri ya kumi na moja nukta moja haitumi ujumbe. Kontrola ingekuwa imeshakata redio yako tangu kumi na moja na nusu, na mimi nisingepata mtandao hata wa kusoma namba yako. Nilijua siku ileile. Nikajua pia kwa nini uliniambia nisije. Nikasema kama mama amechoka na kilima, na namba hizi zimemchosha, mimi ni nani nimzuie. Ndiyo maana nikasema sawa. Sikutaka kukusumbua huko uliko kwa mwanao. Ile betri yako niliipima nilipofika. Nzima kabisa. Uliitunza vizuri."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema, lakini hawakusema kuwa inapita kwenye mtambo wake mwenyewe! Nilijipiga kofi la paja mpaka kuku wakakimbia. Namba ile ya uongo ilisafiri kwenye redio iliyokuwa hai, ikapita mbele ya dirisha langu, ikavuka bonde, ikamfikia mtu mmoja tu duniani mwenye kujua kuwa haiwezekani. Mwenyekiti na kundi lake lote hawakuona kitu. Yeye aliona. Aliona uongo wote mzima, ila hakuiona sababu yake. Alidhani nimemkimbia. Kumbe masika yote yale alikuwa amekaa kwenye ukungu wake, peke yake, na jambo hilo moyoni, na alipoacha kuniandikia alikuwa ananipa ruhusa.

Nikamwandikia bila nukta wala mkato. Nilidanganya ili ubaki wewe kwa kuwa ulisema huna pa kushukia na mimi ninako, na sikuchoka na kilima wala na wewe, na kila alfajiri naamka gizani kusubiri namba yako kama mjinga. Nikatuma. Alama ikaonyesha amesoma.

Hakujibu. Siku ile hakujibu, wala iliyofuata. Pikipiki sikuipima tena, ningeipima nimtumie nani? Nikasema basi, nimemwaga yote na sahani imebaki tupu. Labda nimemtia aibu. Wazee wetu wengine ukiwaambia neno la moyo wanaona umewavua shati.

Kisha siku moja, adhuhuri, jua limekaa utosini na bati za uani zinalia kwa joto, simu ikatetemeka mapajani mwangu. Namba, kisha anga.

"Kumi na moja nukta moja. Jua kali."

Nilisoma nikasimama. Adhuhuri hatukupima hata siku moja, adhuhuri betri inajisifu. Chini ya jua lile hakuna betri duniani inayoweza kusema kumi na moja nukta moja, hata iwe imetupwa jalalani. Na kama ingesema, ujumbe ule usingetoka kilimani. Yule mzee, aliyekuwa hajaniandikia hata namba moja ya uongo tangu tufahamiane, alikuwa amedanganya, tena kwa namba yangu, tena akijua kuwa safari hii mimi ndiye mtu mmoja duniani wa kujua kuwa haiwezekani. Betri zake zilikuwa nzima. Aliyekwisha kwa upweke ni yeye, na hakuwa na njia nyingine ya kulisema.

Nikaingia ndani. Nikachukua mita, shuka moja, na kitambaa cha kufutia paneli ambacho mkwe wangu alitaka kukitupa mara mbili. Nikavaa viatu vya kupandia. Mwanangu alikuwa sebuleni, akainua macho kutoka kwenye simu.

"Mama, unakwenda wapi na jua hili?"

"Kilimani. Kuna betri inataka maji."

"Si kuna mzee wa kazi hiyo? Mwandikie aongeze."

"Hii hawezi kujiongezea mwenyewe," nikamwambia, nikatafuta kopo la kubebea maji.